Mota ya wati nyingi si lazima iende kasi

Mtu anayejiundia baiskeli ya umeme nyumbani, hasa ile ya kustarehe yenye usukani mpana na matairi manene, huanza kwa kuuliza: mota ya wati ngapi? Anaamini ya wati 1000 itakimbia mara mbili ya ile ya 500. Sivyo.

Wati zilizoandikwa kwenye mota hueleza mzigo inaoweza kuhimili kwa muda mrefu bila kuungua. Umeme unaoifikia huamuliwa na betri na kontrola, yaani kifaa kinachodhibiti umeme unaokwenda kwenye mota. Betri ya volti 48 na kontrola ya ampea 15 hutoa wati 720 hivi, hata ukifunga mota ya 1000. Kasi ya juu nayo hutegemea volti na namna nyaya za mota zilivyosukwa, kisha ukinzani wa hewa. Huo hauna huruma: ukitaka kwenda kasi maradufu, nguvu ya kuishinda hewa huongezeka mara nane. Na baiskeli hii humkalisha mpandaji wima, kifua mbele kama tanga.

Umbali utakaokwenda kwa chaji moja ni hesabu nyingine kabisa, inayoanzia kwenye umeme uliohifadhiwa: volti mara ampea-saa za betri.

Pesa za mota kubwa mimi ningeziweka kwenye betri yenye saketi nzuri ya ulinzi, breki za diski, na kile chuma kidogo kinachozuia ekseli ya gurudumu lenye mota isizunguke ndani ya uma wa baiskeli unaolishika. Wengi hukidharau. Ekseli ikizunguka, hukata nyaya za mota, na gurudumu laweza kuchomoka.