Je, wajua kwa nini familia za visiwani hujaza maji kabla ya kimbunga?

Redio ikishatangaza kwamba kimbunga kiko njiani, familia za visiwa vya Karibi hukimbilia mfereji. Hujazwa ndoo, sufuria, mapipa, chupa za soda zilizokwisha, na wenye beseni kubwa la kuogea hulisugua, wakaliziba na kulijaza mpaka ukingoni. Mkaaji wa Umoja au Kayole, hapa Nairobi, haoni ajabu mtu kujaza mitungi, maana mgao wa maji umetufunza. Ila sisi hujaza kwa kuogopa ukavu. Hawa wanangojea mvua inayoweza kumwaga katika siku moja maji ambayo Nairobi huyapata kwa miezi. Mbona basi wahangaike na mfereji?

Swali hili halipo mbali nasi kama linavyoonekana. Juni 25, 2024, kikosi cha kwanza cha polisi wa Kenya kilitua Port-au-Prince, Haiti, msimu wa vimbunga ukiwa umeanza. Msimu huo huanzia Juni 1 hadi Novemba 30, na kilele chake ni Septemba. Wiki moja tu baada ya askari wetu kutua, kimbunga Beryl kilipita kusini mwa Haiti kikielekea Jamaica. Kilikuwa kimefika daraja la tano, la juu kabisa, mapema kuliko kimbunga kingine chochote kilichorekodiwa katika Atlantiki. Kuanzia hapo, wenye ndugu huko walikuwa na sababu ya kufuatilia hali ya hewa ya ng'ambo hiyo ya dunia.

Jibu la swali letu linaanzia kwenye stima. Maji ya Nairobi, kwa sehemu kubwa, hutoka bwawa la Ndakaini kule Murang'a, na kwa kuwa bwawa liko juu yetu, maji huteremka yenyewe safari ndefu mpaka jijini. Visiwa vingi havina bahati hiyo. Maji yao huvutwa kwa pampu kutoka visimani au mitoni, yakapandishwa kwa pampu hadi matangi ya vilimani, na pampu hula umeme. Nguzo za stima ndizo huanguka kwanza upepo ukishika kasi. Nguzo ikianguka, pampu hunyamaza, na baada ya saa chache matangi yaliyokuwa yamejaa huisha. Huko Puerto Rico, kimbunga Maria kilipopiga Septemba 20, 2017, kisiwa kizima kilipoteza umeme, na nyumba za mwisho hazikurudishiwa mpaka karibu mwaka mmoja ulipotimia. Fikiria pampu ya maji ya mtaa wako ikae kimya muda huo wote.

Hata palipo na jenereta, matope yana njia yake. Mvua ya kimbunga huporomosha vilima, na mto uliokuwa safi asubuhi hugeuka uji wa udongo na magogo. Mitambo ya kusafisha maji haiwezi kuchuja uchafu wa namna hiyo, kwa hiyo wahandisi huifunga makusudi ili isiharibike. Mabomba yanayovuka mito kwa kuning'inizwa kwenye madaraja huondoka pamoja na madaraja. Kisiwa cha Dominica ni mfano ninaourudia kila ninapoulizwa jambo hili. Watu wake hujivunia kuwa na mito 365, mmoja kwa kila siku ya mwaka. Usiku wa Septemba 18, 2017, Maria huyohuyo aliipiga akiwa daraja la tano, na kesho yake watu waliokuwa wamezungukwa na mito pande zote hawakuwa na maji ya kunywa.

Sasa ile mvua yenyewe. Kwa nini mtu asiweke ndoo chini ya paa akakinga? Waulize watu wa Bermuda, kisiwa kilicho kaskazini zaidi ya Karibi. Huko sheria inaitaka kila nyumba iwe na tangi la kukinga maji ya mvua, na mapaa yao ya mawe, yaliyopakwa chokaa nyeupe, yamejengwa kwa ngazi ngazi ili kuyaongoza maji taratibu. Ungedhani kimbunga kwao ni sikukuu. Kinyume chake, kimbunga kikikaribia, huziba mabomba yanayoteremsha maji kutoka paani hadi tangini. Upepo huo huchota povu la bahari na kulirusha juu ya nyumba, kwa hiyo maji ya paani huwa na chumvi, majani yaliyosagika na kila takataka iliyokuwa hewani. Tangi safi likichanganyika na maji hayo limeharibika, na kulisafisha ni kazi ya siku nyingi. Wao hulinda maji yaliyomo, wakangoja mvua ya kawaida irudi. Na kwingineko, ambako paa ni la mabati, hakuna uhakika kwamba paa litakuwepo asubuhi.

Visima navyo? Bahari ikisukumwa na upepo hupanda nchi kavu, ikaingia visimani. Kisima cha karibu na ufuo kikishaonja maji ya chumvi, chaweza kukaa muda mrefu bila kunyweka.

Kiasi cha kuhifadhi si siri. Ushauri wa kawaida ni lita nne hivi kwa kila mtu kwa siku, za kunywa, kupika na kunawa kidogo. Familia ya watu watano basi hutumia mtungi mmoja wa lita 20 kwa siku, na juma zima ni mitungi saba. Hilo linawezekana hata katika chumba kimoja cha kupanga. Kinachokula maji hasa ni choo. Choo cha kuvuta huchukua lita sita au zaidi kila kinapovutwa, na hiyo ndiyo kazi ya lile beseni la kuogea. Maji yake hayanywewi. Ni ya choo na kufua, na watoto hufunzwa mapema ni chombo kipi hakiguswi na kipi huchotwa.

Maji hayohayo hufanya kazi nyingine nisiyowahi kuiona Nairobi, ingawa naiona ni ya maana sana. Siku mbili tatu kabla ya kimbunga, familia hujaza chupa za plastiki na kuzisukuma katika kila nafasi iliyobaki ndani ya friza. Friza iliyojaa na isiyofunguliwa huhifadhi baridi kwa saa 48 hivi baada ya stima kupotea. Iliyo nusu hukaa karibu nusu ya muda huo. Barafu ikiyeyuka, ni maji ya kunywa. Wanaolazimika kuhamia kwa jamaa huacha humo kikombe cha maji yaliyoganda na sarafu juu yake. Wakirudi wakikuta sarafu imezama chini, wanajua kila kitu kiliyeyuka kikaganda upya, na nyama hiyo hailiwi, hata kama kwa macho inaonekana nzima.

Matayarisho mengine huwa yameanza zamani. Makopo ya samaki na nyama, biskuti kavu, betri na viberiti hununuliwa kidogo kidogo tangu Mei, maana mwenye mshahara mdogo hawezi kuyabeba yote siku moja, na rafu za duka huisha saa chache baada ya tangazo. Matawi ya mwembe hukatwa. Madafu huangushwa, kwa sababu dafu likirushwa na upepo wa kilomita 200 kwa saa hupasua ukuta. Mbuzi hufunguliwa kamba ili wajitafutie usalama. Vyeti vya kuzaliwa na hati za shamba hufungwa ndani ya plastiki. Pesa taslimu hutolewa benki, kwa kuwa mtandao ukianguka hakuna malipo ya simu. Nyanya aliye katika nyumba ya mbao huletwa kwenye nyumba ya mawe ya mwanawe. Kisiwani Mauritius, upande wetu wa dunia, kimbunga Carol cha Februari 1960 kiliangusha nyumba nyingi sana, na baada yake watu walihamia nyumba za zege zenye paa bapa, zilizojaa kisiwani mpaka leo.

Usiku wenyewe hupitishwa katika chumba kisicho na dirisha, mara nyingi ujia au bafu, magodoro yakiwa yamesimamishwa ukutani. Wakubwa hucheza karata au domino na watoto kwa tochi. Ghafla upepo unaweza kukatika kabisa na nyota zikaonekana. Hilo ni jicho la kimbunga linapita, na utulivu wake huweza kuwa wa dakika chache au hata saa nzima. Wazee husimama mlangoni wasitoke watu, kwa maana upepo utarudi kutoka upande wa pili ukiwa na nguvu ileile, na wanaofia nje wakati huo ni waliodhani yamekwisha.

Asubuhi, majirani huitana majina. Kisha hutoa kilichomo kwenye friza na kupika vyote kwa pamoja uani, kabla havijaoza, kwa hiyo siku inayofuata msiba mkubwa mtaa mzima huweza kula nyama. Jiko la makaa na jenereta hubaki nje. Wa Nairobi tunaoomboleza kila Julai watu waliolala na jiko ndani tunajua sababu.

Na hapo ndipo thamani ya ile mitungi huonekana, kwa sababu wasio na maji ya akiba huenda mtoni. Puerto Rico, baada ya Maria, watu walishikwa na homa inayoletwa na mkojo wa panya ndani ya maji, ambayo wenzetu wa Tanzania huiita homa ya mgunda. Haiti, baada ya kimbunga Matthew cha Oktoba 4, 2016, kipindupindu kilipanda upya. Upepo ulikuwa umeshaondoka. Maji machafu ndiyo yaliyoendelea kuua.

Nairobi haipigwi na kimbunga. Tuko digrii moja na kitu kusini mwa ikweta, na karibu na ikweta mzunguko wa dunia haupindi upepo vya kutosha kuusokota. Kwa kawaida vimbunga huzaliwa kuanzia digrii tano hivi, juu ya bahari yenye joto la nyuzi 26.5 au zaidi. Tena tuko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, zaidi ya kilomita 400 kutoka ufuoni, na kimbunga kikishapanda nchi kavu hukatiwa chakula chake, ambacho ni mvuke wa bahari.

Pwani yetu ya Afrika Mashariki haina kinga kamili. Aprili 1872 kimbunga kiliangusha mikarafuu ya Unguja, na Pemba, iliyonusurika, ikawa kitovu cha karafuu. Na hata kikipita mbali, huamua mvua yetu. Machi 2018, Dumazile na Eliakim vilipozunguka karibu na Madagaska, vilisaidia kuvuta upepo wenye unyevu kutoka Kongo, na mvua ikatumwagikia. Mwaka uliofuata Idai kilivuta unyevu kuelekea Msumbiji, na masika yetu yakachelewa. Mei 2024, Mathare na Mukuru vikiwa vimeshafurika, kimbunga Hidaya kilipokaribia Tanzania, serikali ya Kenya iliahirisha kufunguliwa kwa shule.

Mafuriko ya namna hiyo huchafua mfereji wa Nairobi sawa na wa Haiti, kwa hiyo kanuni za visiwani hufaa hapa pia. Maji ya kunywa hukaa katika mtungi wenye kifuniko, yakamiminwa, wala hayachotwi kwa kikombe cha mkono. Yasiyoaminika huchemshwa: yakishatokota kwa nguvu, dakika moja inatosha hapa jijini. Walio Limuru, juu ya mita 2,000, ambako maji hutokota yakiwa na joto pungufu, wangoje dakika tatu.