Je, wajua kwa nini hutoki Kaya Kinondo na hata jani kavu?

Kusini kidogo ya hoteli za Diani, katika Kaunti ya Kwale, kuna msitu wa hekta 30 hivi uitwao Kaya Kinondo, wa Wadigo, mojawapo ya jamii za Wamijikenda. Kabla ya kuingia, mgeni hupewa kaniki nyeusi aifunge kiunoni, mwanamume kwa mwanamke. Kisha masharti: hakuna kubusiana, baadhi ya sehemu hazipigwi picha, na chochote ulichokikuta humo unakiacha humo, liwe jani, kijiti au jiwe. Kukumbatia mti mkubwa ni ruhusa, tena waongozaji huwahimiza wageni wajaribu. Kumbusu mchumba ndiko kuna taabu.

Hilo la jani huwashangaza wengi. Litamdhuru nani?

Kaya zilikuwa vijiji vya Wamijikenda vilivyojengwa katikati ya msitu, na msitu ndio uliokuwa ngome, ukipenywa kwa vijia vyembamba tu. Ndani kulizikwa fingo, kinga ya jamii nzima, ambayo masimulizi ya wazee yanasema jamii ilitoka nayo Singwaya, nchi yao ya asili. Katika karne ya 19 watu wengi walihamia mashambani, lakini makaburi na fingo vilibaki, na wazee wa kaya wakaendelea kwenda kufanya tambiko. Kwa hiyo mgeni anaingia kwenye uwanja wa wenyewe. Kukata mti au kulisha mifugo humo ni mwiko, ndiyo maana mashamba na majengo yameenea pande zote na kaya zikabaki misitu. Mwaka 2008 UNESCO iliziandika baadhi yake katika Urithi wa Dunia.

Kwa maoni yangu, nguvu ya mwiko huu ni kwamba hauna "isipokuwa". Ukiruhusu jani, kesho mtabishana juu ya kijiti, keshokutwa juu ya gogo. Wazee hawana bunduki wala ua wa seng'enge. Wana sharti ambalo hata mtoto analielewa.

Tena wana sababu ya kushuku mikono ya wageni. Vigango, nguzo za kuchongwa ambazo Wagiriama, Wamijikenda wengine, huwasimamishia marehemu wa Gohu, chama cha watu wa heshima, viliibwa kwa wingi na kuuzwa kama sanaa ng'ambo. Havikupaswa kung'olewa kamwe. Hata familia ikihama, huachwa palepale viliposimama. Viwili vilirudi Kenya kutoka Marekani mwaka 2007, na mwaka 2014 makumbusho moja ya Denver ikakubali kurudisha 30. Kwa jamaa waliokuta shimo tupu, hiyo haikuwa habari ya sanaa.

Ukitaka kwenda, Kinondo ndiyo rahisi, kwa kuwa wenyeji wenyewe huendesha matembezi na kukupa mwongozaji. Kwingineko tafuta kwanza wazee wa kaya. Kuna zisizopokea wageni. Ukiambiwa kijia fulani si cha wageni, pita kingine.