Jiwe Linalong'aa la Kinangoni Si Fedha

Wengi wanaoleta mawe kupimwa hapa Mombasa, hasa kutoka Kinangoni na Vitengeni katika kaunti ya Kilifi, huja na kauli moja: jiwe ni zito, linang'aa, basi ni madini ya fedha (silver). Nimeisikia kauli hii hadi imenichosha, kwa sababu inawapotezea watu pesa na wengine inawaharibia afya.

Jiwe hilo ni galena, yaani madini ya risasi (lead) iliyoungana na salfa, na takriban asilimia 86 ya uzito wake ni risasi. Fedha ukiigonga kwa nyundo hubonyea na kutandazika, ilhali galena huvunjika vipande vidogo vya pembe mraba vyenye nyuso bapa zinazometa. Ukiisugua nyuma ya kigae, upande usiong'arishwa, huacha mstari wa kijivu unaokaribia weusi. Kipande cha kigae huokotwa popote panapojengwa nyumba, kwa hiyo hakuna sababu ya mtu kulipa nauli hadi mjini kabla ya kufanya jaribio hilo. Ni kweli kwamba galena huweza kubeba fedha, na hapo ndipo dhana hii inapopata nguvu. Lakini fedha hiyo imejificha ndani ya madini, haionekani kwa macho, nayo huhesabiwa kwa gramu katika tani nzima ya mbale, yaani mawe yenye madini. Mng'ao unaouona ni wa galena yenyewe, na kiasi cha fedha iliyomo hujulikana kwa kipimo cha maabara tu.

Kibaya zaidi ni ushauri wa kulichoma jiwe kwa makaa na mivukuto ili "fedha itoke". Kinachotoka ni gesi ya salfa inayowasha koo pamoja na risasi, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 327 za selsiasi, na moshi wake hutua kwenye nguo, vyombo na udongo wanakochezea watoto. Wakazi wa Owino Uhuru, papa hapa Mombasa, waliathirika kwa risasi ya kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu. Tafadhali, usilichome jiwe hilo nyumbani, hata kidogo.

Wapo pia wanaodhani kwamba mgodi ukifungwa hatari huisha. Mgodi wa risasi wa Kabwe, Zambia, ulifungwa mwaka 1994, na hadi leo watoto wa huko hukutwa na risasi nyingi katika damu. Galena ikikaa juani na mvuani hugeuka polepole kuwa madini mengine, kama serusiti, ambayo vumbi lake huyeyuka tumboni kwa urahisi zaidi. Vifusi vya mgodi wa zamani visisombwe kwenda kujazia uwanja wa nyumba.

Wengine hudhani kwamba madini haya hupatikana penye volkano tu, lakini volkano haihitajiki. Mbale nyingi za aina hii huletwa na maji ya moto yenye chumvi, yanayopita katika nyufa za miamba na kuacha madini yanapokutana na mazingira tofauti, mara nyingi kwenye mawe ya chokaa.

Wanaotafuta zinki inayofanana na mabati nao hulitupa jiwe lenyewe: sfaleriti, yaani mbale ya zinki, mara nyingi ni ya kahawia, hung'aa kama ulimbo, na mstari wake kwenye kigae ni wa manjano hafifu. Nalo jiwe jeupe lililo zito kupita kiasi mara nyingi ni bariti, madini ya bariamu. Ukilidondoshea asidi halitoi povu, tofauti na chokaa.