Goti la mbuzi halikunjiki kinyume: kuusoma mguu wa mnyama kwa vidole

Mtazame mbuzi aliyesimama. Katikati ya mguu wa nyuma kuna kiungo kilichochongoka kuelekea nyuma, na wengi hukiita goti, kisha wanashangaa kwa nini linakunjika kinyume na la binadamu. Hicho ni kifundo cha mguu, na ncha iliyochomoza nyuma yake ni kisigino. Goti lenyewe liko juu, karibu na tumbo, limefichwa na ngozi na misuli ya paja, na linakunjika upande uleule na lako. Mbuzi, ng'ombe na farasi husimama juu ya ncha za vidole, ukwato ukiwa ndio ukucha. Mbwa na paka hukanyaga kwa vidole. Dubu hukanyaga kwa wayo mzima kama sisi.

Mbele ni vivyo hivyo: yale "magoti" ambayo ng'ombe hutanguliza anapolala ni vifundo vya mkono. Ndiyo maana nikiambiwa ndama amevimba goti, kwanza nauliza ni goti lipi. Jibu hubadilisha kila kitu kinachofuata.

Ukipapasa mguu wa mbele, usianzie kwenye ukwato. Tafuta kiwiko, mfupa mgumu uliochongoka ubavuni, chini ya kifua. Ukishakipata, mengine yanajipanga: juu yake mfupa wa mkono unapanda kwa mshazari kuelekea mbele hadi kwenye bega, na chini yake mwingine unashuka hadi kwenye kifundo. Bega nalo lina maajabu yake. Farasi, ng'ombe na mbuzi hawana mtulinga, na paka ana kipande chembamba tu kinachoelea ndani ya misuli. Kwa hiyo mguu wa mbele haujaungana na kiwiliwili kwa kiungo chochote cha mfupa. Kifua kinaning'inia katikati ya mafupa mawili ya bega kwa misuli na kano. Mpangilio huo hupunguza mshtuko mnyama anapotua, jambo la maana kwa sababu miguu ya mbele ya farasi au mbwa aliyesimama hubeba takriban asilimia 60 ya uzito.

Kifundo cha nyuma si kiungo kimoja. Ni mrundikano wa mifupa midogo yenye viungo kadhaa, na kwa farasi kukunja kwenyewe karibu kote hufanyika kwenye kiungo cha juu kabisa. Vile vya chini havisogei sana, lakini ndivyo vinavyoota mifupa ya ziada kwa uchakavu. Wanyama wenye kwato zilizogawanyika wana tofauti moja muhimu: mfupa wa juu wa kifundo una umbo la kapi (gurudumu lenye mfereji) katika ncha zote mbili, ilhali wa farasi au mbwa una kapi upande wa juu tu. Alama hiyo ni ya uhakika kiasi kwamba mwaka 2001, visukuku vya nyangumi wa kale wenye miguu kutoka Pakistan vilipoonekana kuwa na kapi mbili, ukoo wa nyangumi na wanyama wa kwato zilizogawanyika ulipata ushahidi wa mfupa.

Goti ndilo linalostahili muda mrefu zaidi. Fupa la paja lina vichwa viwili vya mviringo vinavyokaa juu ya muundi ulio karibu bapa, kwa hiyo mifupa yenyewe haishikani. Kinachoishika ni ligamenti (kamba ngumu zinazounganisha mfupa na mfupa) za pembeni, ligamenti mbili zinazopishana ndani, na vipande viwili vya gegedu vilivyojaza nafasi. Kwa mbwa, ligamenti ya mbele kati ya hizo mbili huchakaa taratibu kabla ya kukatika, mara nyingi bila ajali yoyote. Ili kuipima, mlaze mbwa ubavu. Mkono mmoja ushike paja: kidole gumba nyuma kwenye kijifupa cha upande wa nje, cha shahada juu ya pia ya goti. Mkono wa pili ushike muundi: gumba nyuma ya kichwa cha fibula (mfupa mwembamba ulio kando ya muundi), shahada kwenye ukingo wa mbele. Sukuma muundi mbele bila kulikunja goti. Muundi ukiteleza, ligamenti imekatika. Mtoto wa mbwa huwa na ulegevu kidogo, ila muundi wake hugota ghafla. Mbwa akikaza misuli usiamini matokeo. Mpe dawa ya usingizi kwanza.

Farasi husinzia amesimama kwa sababu ya goti hilohilo. Pia ya goti lake imeshikwa na ligamenti tatu badala ya moja. Akiipandisha na kuizungusha kidogo, ligamenti ya ndani hunasa juu ya tuta la fupa la paja na goti hujifunga. Wakati mwingine hukataa kufunguka: mguu unabaki umenyooka nyuma, ncha ya ukwato ikikwaruza ardhi. Kumrudisha farasi kinyumenyume mara nyingi huiachilia pia hiyo ya goti. Goti na kifundo chake pia vimefungwa pamoja kwa kano, kimoja kikikunjika na kingine hukunjika. Ukiweza kukinyoosha kifundo huku goti limekunjwa, na kano ya kisigino ikafanya kikunyanzi, kano ya mbele ya muundi imekatika.

Kwenye picha ya eksirei ya mnyama mchanga, mstari mweusi karibu na mwisho wa mfupa huwa ni gegedu la ukuaji, na wengi huusoma kama mvunjiko. Piga picha ya mguu wa pili ulinganishe. Gegedu hilo likipondwa kwenye mwisho wa chini wa ulna ya mbwa (mmoja wa mifupa miwili iliyo chini ya kiwiko), ulna huacha kurefuka huku mfupa wa pili, redio, ukiendelea, na mkono hupinda, kanyagio likielekea nje.

Gegedu linalofunika ncha za mifupa halina mishipa ya damu. Hulishwa na ute wa kiungo, unaoingia na kutoka linapobanwa na kuachiwa, ndiyo maana kiungo kilichofungwa bandeji ngumu kwa muda mrefu kupita kiasi hudhoofika. Na ndiyo maana kiungo chenye joto na uvimbe kwa ndama wa siku chache ni dharura. Bakteria huwa wameingia kupitia kitovu, wakasafiri kwa damu, na usaha wanaousababisha hula gegedu ndani ya siku chache. Papasa kitovu chake siku hiyohiyo, pima joto la mwili, kagua viungo vyote vya miguu minne, na usisubiri kesho kumwita daktari wa mifugo avute ute wa kiungo na kuanza antibiotiki.