Kwa nini fanksheni iliyo sahihi hukosea ikiitwa na wawili kwa mpigo?

Fanksheni ni kipande cha programu kinachofanya kazi fulani kila kinapoitwa. Lugha ya C, ya kuandikia programu, ina fanksheni iitwayo strtok, ambayo kazi yake ni kukata maandishi vipande vipande. Unaipa "Asha,Juma,Neema", unaiambia ikate penye mkato, nayo inakurudishia "Asha". Ukiiita tena bila kuipa maandishi mengine, inakupa "Juma", kisha "Neema". Imejuaje ilipoishia? Imejiwekea alama kwenye kumbukumbu. Katika maktaba ya C (mkusanyo wa fanksheni zilizo tayari) inayotumika kwenye mifumo mingi ya kompyuta ya Linux, alama hiyo ni moja tu kwa programu nzima.

Programu nyingi za leo hugawanya kazi kwa thredi, yaani nyuzi za utekelezaji zinazokwenda sambamba zikitumia kumbukumbu ileile. Tuseme uzi wa kwanza unakata yale majina, na wa pili unakata "chai,sukari,unga". Wa kwanza unaita strtok na kupata "Asha". Kabla haujaita tena, wa pili unaingia, unapata "chai", na alama inahamia kwenye "sukari". Wa kwanza unarudi kudai jina linalofuata, unapewa "sukari". Programu haijaanguka wala haijatoa onyo lolote. Orodha ya watu imeingiwa na bidhaa, basi.

Fanksheni huitwa salama kwa nyuzi pale inapotoa jibu sahihi hata nyuzi nyingi zikiiita kwa pamoja, zipishane vyovyote vile. strtok haina usalama huo.

Wala si lazima fanksheni iwe na mambo mengi ili iharibike. Chukua mstari mmoja: salio = salio + 500. Kwa macho ni tendo moja, lakini kwa kawaida prosesa hulifanya kwa hatua tatu: kusoma, kujumlisha, kuandika. Salio likiwa 1,000, uzi mmoja unaoweka 500 na mwingine unaoweka 200 zote mbili zinaweza kusoma 1,000. Wa kwanza unaandika 1,500, wa pili unaandika 1,200 juu yake. Shilingi 500 za mtu zimepotea.

Kinachonitia hofu zaidi ni kwamba kosa hili hujificha. Unaijaribu programu mara elfu na inapita, kwa sababu nyuzi hazikugongana pale penye ufa. Tarehe 14 Agosti 2003, mfumo wa tahadhari wa kampuni moja ya umeme huko Ohio, Marekani, ulinyamaza kwa kosa la aina hii: michakato miwili ilifikia data moja kwa wakati mmoja. Wahudumu wakakaa zaidi ya saa nzima bila kujua kwamba nyaya zao zinazidi kukatika. Hitilafu nyingine zilichangia pia, ila mwisho wake takriban watu milioni 50, Marekani na Kanada, walikosa umeme.

Dawa ninayoipenda ni kutokuwa na cha kugombania. Ndiyo njia ya strtok_r: anayeiita huleta mahali pake mwenyewe pa kuweka alama, hivyo kila uzi ukileta pake, hakuna anayegusa alama ya mwenzake. Pasipowezekana hivyo, hutumika kufuli: uzi unafunga, unafanya kazi yake, unafungua, na wengine wanasubiri. Kufuli zina gharama. Foleni hupunguza kasi, na nyuzi mbili zikishika kila mmoja kufuli analolitaka mwenzake, zote hukwama.

Kuna mtego mmoja ambao hata wazoefu huuingia. Fanksheni ya kusoma salio ina kufuli, na ya kutoa pesa ina kufuli. Kila moja ni salama. Salio ni 1,000, na nyuzi mbili zinataka kutoa 800 kila mmoja. Wa kwanza unasoma 1,000, unaona zinatosha. Wa pili nao unasoma 1,000, unaona zinatosha. Kisha zinatoa kwa zamu, kwa adabu zote za kufuli, na salio linabaki hasi 600. Ufa ulikuwa kati ya fanksheni hizo mbili, kwa hiyo kufuli moja lilipaswa kufunika kukagua na kutoa kwa pamoja.