Kujaza ukumbi si kuendesha klabu, jamani

Wiki hii tena. Kijana ana mkono mzuri wa piano, anapiga hoteli moja huku Casuarina, Malindi, Ijumaa na Jumamosi, Waitaliano wanampigia makofi mpaka saa sita usiku, sasa kaja kwangu ati nimsaidie kutafuta nyumba ya kukodi afungue klabu yake ya jazz. Kwa nini? "Mwalimu, watu wanajaa kwa ajili yangu, kwani pesa ale mwenye hoteli?" Hiyo kauli naweza kuimalizia kabla msemaji hajafunga mdomo, manake kila mwanafunzi wangu akishajua kupiga vizuri lazima aje nayo.

Na mfano wao ni Ahmad Jamal, mpiga piano wa jazz wa Marekani, si yeye alikuwa na klabu yake? Alikuwa nayo, ila mwaisoma hadithi nusu. Januari 1958 huyu bwana alikuwa anapiga ukumbi wa hoteli ya watu, Pershing, kule Chicago, na wenzake wawili, Israel Crosby kwenye bezi na Vernel Fournier kwenye ngoma. Hoteli ina stima yake na wahudumu wake, yeye kazi yake kukaa kwenye piano na kupiga. Rekodi waliyoifanya pale ikakaa kwenye chati za Billboard, orodha za Marekani za rekodi zinazouza sana, zaidi ya wiki 100, na kwa jazz hilo ni jambo kubwa sana. Pesa zilipoingia ndo akafungua Alhambra, mgahawa na klabu hapo hapo Chicago, na kwa vile alikuwa ashasilimu miaka mingi nyuma, pombe hakuuza. Haikudumu. 1962 bendi ya watatu ikavunjika, yeye akahamia New York na muziki akauweka kando kama miaka mitatu hivi. Mimi sisemi klabu peke yake ndo ilileta hayo yote, nasema tu usinitajie Alhambra kama ushahidi kwamba ukimiliki umetoka. Kilichomlisha Jamal mpaka amefariki 2023 na miaka 92 ni piano.

Sasa turudi Malindi. Mwenye hoteli hali pesa za piano yako, anakula pesa za vyumba. Wewe ni chambo, mgeni anakusikia, anaongeza usiku mmoja, anakula pale pale, asubuhi anadai samaki. Hata piano ikimtia hasara hajali. Klabu yako haina vitanda, ina viti. Mtu atakuja na mkewe, ataagiza kile kinywaji cha dawa, cha ndimu na asali, soda moja, atakaa nayo masaa matatu akitingisha kichwa "bravo, bravo", ukumbi umejaa kweli na ukifungua droo ya pesa huoni kitu. Na hiyo ni Disemba. Aprili masika yakiingia, wageni washaenda kwao, hoteli kibao zafunga milango, je wewe? Kodi ya nyumba haijui masika, na mlinzi ana watoto.

Mnataka mfano, chukueni London. Ronnie Scott alifungua klabu 1959 kwenye chumba cha chini ya ardhi Gerrard Street, na ipo mpaka leo ingawa ilihamia Frith Street 1965. Yeye alikuwa mpiga saksafoni, na mwenziwe Pete King pia alikuwa mpiga saksafoni, lakini King aliiweka saksafoni chini akashika uendeshaji. Ndo ninachowauliza wote wanaokuja kwangu, Pete King wako ni nani? Wananitajia binamu. Binamu mwenyewe akiuza madafu bado anakosea chenji.

Halafu piano. "Nitanunua piano ya mitumba niiweke karibu na bahari, wazungu wapenda upepo." Upepo wa wapi, huo una chumvi! Niliwahi kufunua piano ya hoteli moja huku ufuoni, nyaya za bezi shaba yote imegeuka kijani, za juu zina kutu unayoweza kuipangusa kwa kidole, na funguo za katikati zimevimba unabonyeza hazirudi. Mle ndani mna nyaya zaidi ya 200 na zote zimevutwa vibaya mno, zikishika kutu zakatika. Fundi humpati Malindi, unamlipia kutoka Mombasa, kilomita kama 120, na nauli yake na chakula chake. Nunua kinanda cha stima chenye funguo 88 zenye uzito, ukifunike kila usiku, basi.

Mengine mnayoniambia nayajibu haraka haraka manake nina darasa.

"Vibali si mambo ya msanii." Muulize Thelonious Monk, mpiga piano mkubwa wa jazz, 1951 polisi wa New York walimnyang'anya kadi ya kupigia klabuni, akakaa mpaka 1957 hawezi kupiga klabu za mji wake, Monk huyo! Hapa kwetu kuna leseni ya kaunti, kuna leseni ya muziki, na sheria za kelele za 2009 zipo, jirani akitaka kulala utazijua zote.

"Noti nyingi ndo ujuzi." Hapana. Miles Davis, yule mpiga tarumbeta, alimsifu Jamal kwa nafasi anazoacha, mahali ambapo hapigi kitu. Nyie mnapiga kama mnafukuzwa.

"Jazz haisomwi, inatoka rohoni." Hii nayo inanikera. Jamal alianza kugusa piano ana miaka 3, akiwa na 7 akapelekwa kwa mwalimu, Mary Cardwell Dawson, akafunzwa kazi za Wazungu za zamani na za kwao Marekani pia. Kama roho ingetosha nisingekuwa na kazi. Kijana wangu nimemwambia habari ya nyumba ya kukodi aiache mpaka Julai, aje Jumatatu na daftari, tuanze na mkono wa kushoto manake ndo unaomwangusha.