Mtoto wa mbwa kaingia nyumbani: majibu kwa wakazi wa Dar es Salaam

Haya ndiyo maswali yanayoulizwa sana na watu wanaoleta mtoto wa mbwa nyumbani, hasa wenye watoto wadogo. Naanza na lile ambalo likikosewa halirekebishiki.

Watoto wangu wanacheza naye na anawang'ata kidogo kidogo. Kwa umri huu si bado hawezi kuwa na kichaa cha mbwa?

Anaweza. Akiwa aling'atwa na mbwa mgonjwa kabla hujamchukua, umri wake haumkingi. Virusi vya kichaa hukaa kwenye mate, kwa hiyo hata mchubuko mdogo, au kulambwa penye kidonda, kunatosha kuambukiza. Kwa binadamu dalili huchukua miezi 2 hadi 3, mara nyingine wiki moja tu, mara nyingine hata mwaka. Zikishatokea, karibu hakuna anayepona. Ndiyo maana hatusubiri kuona dalili.

Jino likichubua ngozi, mpeleke mtoto bombani hapo hapo. Osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, ukiangalia saa. Sabuni ya kufulia inafaa. Maji yakiwa yamekatika, mtu mmoja amwage kwa jagi, mwingine asugue taratibu kwa povu. Mtoto atalia na utaona imetosha baada ya dakika tatu, endelea. Usipake majivu, pilipili wala mafuta ya taa. Kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo, daktari aamue kuhusu chanjo. Hutolewa kwa awamu, na wengi huacha njiani wakiona kidonda kimefunga. Usiache mpaka daktari akuambie.

Mbwa naye usimuue wala kumtupa mtaa wa pili. Mfungie, mpe maji na chakula bila kumshika, umwangalie siku 10. Akibaki mzima, hakuwa anaambukiza siku aliyong'ata. Lakini hospitali unakwenda kwanza, hizo siku 10 zinaendelea huku mtoto ameshaonwa.

Mtoto wa mbwa achanjwe lini, na wapi?

Chanjo za parvo na distempa, magonjwa mawili ya virusi yanayoua watoto wa mbwa, huanza akiwa na wiki 6 hadi 8, zikarudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka afikishe wiki 16. Ya kichaa huchomwa akiwa na miezi 3, kisha hurudiwa kwa ratiba ya daktari wa mifugo. Muulize afisa mifugo wa kata yako, au nenda kliniki ya mifugo. Ulizia pia kama kutakuwa na chanjo mtaani kwenu kuelekea tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani.

Jambo moja nalisisitiza kwa sababu ya joto letu: chanjo lazima itoke kwenye friji au kiboksi chenye barafu. Mchanjaji akiitoa mfukoni baada ya kuzunguka na bodaboda tangu asubuhi, mkatalie. Dai pia kadi yenye tarehe na lebo ya chupa.

Wa kwanza aliharisha damu akafa. Naweza kuleta mwingine?

Inawezekana ilikuwa parvo, na virusi vyake hukaa kwenye udongo miezi mingi. Sakafu ya saruji ioshe kwanza kwa sabuni, halafu kikombe kimoja cha Jiki kwa vikombe 30 vya maji, uiache dakika 10. Udongo hausafishiki hivyo. Kama uwanja wenu ni mchanga mtupu, chukua mbwa aliyekwisha kumaliza chanjo zake. Na ukiona mtoto wa mbwa anatapika, kalegea na anaharisha damu, usimwekee maziwa ukangoja kesho. Mpeleke leo.

Minyoo ya mbwa inaweza kuingia kwa watoto?

Ndiyo. Watoto wa mbwa wengi huzaliwa nayo, imetoka kwa mama yao. Apewe dawa kila baada ya wiki 2 mpaka afikishe wiki 12, kwa kipimo cha uzito wake. Mayai ya minyoo ya duara huhitaji wiki kadhaa kwenye udongo kabla hayajaweza kuambukiza, kwa hiyo ukiokota kinyesi kila siku unaikata njia yake. Mikono ioshwe kabla ya kula, na miguu ivae ndala uwanjani.

Kupe wamemjaa masikioni. Nimeambiwa nimpake oili chafu.

Usimpake. Atailamba, na ni sumu. Dawa ya kuogeshea ng'ombe nayo, ikikosewa vipimo, inamuua. Kupe huleta ugonjwa wa damu: homa, ufizi mweupe, pua kutoka damu. Nunua dawa ya umri na uzito wake.

Analia usiku kucha na majirani wamechoka.

Katengwa na mama yake, anaogopa. Mlaze karibu na mlango wako siku za mwanzo, mtoe akojoe kabla ya kulala. Na kwa nyumba za kupanga: jirani Mwislamu akikuomba mbwa asifike kwenye mkeka na ndoo zake, ana haki. Weka geti dogo au kamba mapema, kabla hapajatokea ugomvi.

Shikamoo daktari. Mama yangu anaishi peke yake Kigamboni. Mtoto wa mbwa atamfaa?

Marahaba, mwanangu. Mbwa atamfaa sana. Atamwamsha asubuhi, atamtoa nje kutembea, atampa wa kusemeshana naye, na akibweka usiku mama atajua kuna mtu. Ila mtoto wa mbwa hujipitisha miguuni, na mzee akianguka akavunjika nyonga ni msiba mwingine. Mtafutie mbwa mpole wa mwaka mmoja au miwili, mwenye kadi ya chanjo. Aende akamwone mwenyewe kabla hujamleta, amshike, aone kama wamependana.